Tufe moja, njia mbili: huku lateleza, kule lakata kona kupita kiasi

Mchezaji_wa_Jumatano ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Mimi ni mchezaji wa bolingi wa mkono wa kulia, na huu ni mwaka wa pili tangu niachane na matufe ya kuazima ukumbini na kutobolewa tufe langu mwenyewe. Ni la ratili 15, gamba lake ni rezini ya aina ya lulu, lilitoka kiwandani likiwa limeng'arishwa kwa polishi, na kiini chake ni cha umbo linganifu. Nimelichezea michezo isiyopungua 150, na utunzaji pekee niliolifanyia ni kulifuta kwa taulo kila ninapomaliza kucheza. Katika ukumbi ninaouzoea, ambako mafuta hupakwa mengi katikati ya njia na machache kandokando, mguu wangu huishia kwenye ubao wa 20 (mbao za njia nazihesabu kutoka kulia), nalenga mshale wa pili kati ya ile iliyochorwa njiani, tufe linatoka hadi karibu na ubao wa 7 kisha linarudi lenyewe kwenye mwanya ulio kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na pini ya 3 iliyo nyuma yake kulia.

Matatizo yalianza nilipoingia mashindano mawili mfululizo. Ya kwanza yalichezwa kwenye mafuta ya futi 44, yaani yaliyopakwa kuanzia mstari wa kurushia hadi umbali huo, na huko tufe liliteleza tu. Lilifika kwenye pini likiwa bado halijageuka, likawa linagonga pini ya 3 kwanza, na mara kadhaa halikuigusa kabisa pini ya 1. Ya pili yalikuwa kwenye mafuta ya futi 35. Kwa kuwa niliambiwa kwamba njia fupi hufanya tufe likate kona mno, nililiongezea polishi usiku wa kuamkia siku hiyo, nikidhani nalipunguzia makali, kumbe nilijichongea. Kila lilipotoka kwenye mafuta liligeuka ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma, likapita upande wa kushoto wa pini ya 1 na kuniachia mapengo yasiyozibika, yaani pini zilizosimama mbalimbali.

Naomba kuelimishwa: je, ninunue tufe la pili, na kama ni hivyo liwe la aina gani, au hili nililonalo linaweza kurekebishwa likafaa kote kuwili? Pia kuna fundi aliyenishauri niongezewe tundu la nne, lisiloingia kidole, ili kubadilisha mwenendo wa tufe. Je, ushauri huo ni wa kufuatwa?

---

Gamba_na_Kiini amejibu:

Ndugu yangu, umeeleza vizuri, na habari uliyoitaja kama ya kupita tu, yaani michezo 150 bila kulihudumia tufe, kwangu mimi ndiyo ya kuanza nayo.

Gamba la rezini lina vinyweleo vidogo vinavyofyonza mafuta ya njia kila tufe linapopita, na mafuta hayo hayatoki yote kwa kufutwa na taulo. Baada ya michezo mingi gamba hushiba, na tufe lililoshiba huteleza hata pale ambapo jipya lingeshika. Juu ya hilo, uso wa tufe hulainika wenyewe kwa kusuguana na njia, kwa hiyo tufe unalolishika leo silo ulilolinunua, hata kama rangi ni ileile. Kabla ya kununua chochote, lirudishe kwanza katika hali inayojulikana. Ziba matundu kwa utepe usiopitisha maji, litumbukize kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, uliache kwa dakika kama 20, ulifute, kisha ubadilishe maji na kurudia mpaka utando wa mafuta ukome kuelea juu. Nasisitiza uvuguvugu: maji ya moto sana yanaweza kulipasua, na ufa kwenye tufe hauna tiba.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Njia ina futi 60 kutoka mstari wa faulo, ule wa kurushia usioruhusiwa kuuvuka, hadi pini ya 1. Mafuta yakiishia futi 44, tufe lako linabakiwa na futi 16 tu za sakafu kavu ili lishike, ligeuke na kuanza kubingirika sawasawa. Yakiishia futi 35, zinabaki futi 25. Tufe lilelile, mkono uleule, lakini katika njia ya kwanza halina nafasi ya kutosha kumaliza safari yake, na katika ya pili lina nafasi ya ziada. Kila tufe hupitia hatua tatu, yaani kuteleza, kukata kona na kubingirika, na kazi yetu yote ni kupanga hatua ya pili itokee wapi.

Kinachopanga hilo kwa sehemu kubwa kuliko vyote ni uso wa gamba. Gamba lililopigwa msasa wa namba 500 au 1000 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi) lina mikwaruzo midogo inayopenya utando wa mafuta na kuigusa njia mapema, ilhali gamba lililong'arishwa hupita juu ya mafuta kama tairi kipara kwenye lami yenye maji. Ndiyo maana kwenye futi 44 uliteleza. Lakini wengi hukosea, kama ulivyokosea wewe, kwa kudhani kwamba polishi hupunguza kona. Polishi huichelewesha tu. Tufe lililong'arishwa halipotezi nguvu zake kwenye mafuta. Linazitunza, na linapokuta futi 25 za ukavu linazimwaga zote kwa mara moja. Tufe lenye uso uliofifia huanza kupoteza nguvu mapema, kwa hiyo mwisho wa njia linapinda taratibu, na unaweza kulitabiri.

Ushauri wangu ni uondoe polishi kabisa na ulipige msasa hadi namba 2000. Anza na 500 kwa pande nne, uingie 1000, umalize na 2000, ukitumia maji na mkandamizo ulio sawa kila upande. Fundi mwenye mashine ya kuzungushia tufe atafanya kazi hiyo kwa dakika chache na kwa usawa kukushinda wewe na mikono yako. Usiruke hatua, kwa sababu 2000 iliyopita juu ya 500 moja kwa moja haiachi uso uleule na iliyotanguliwa na 1000. Uso huo utakuwa wa kati: hautakuokoa kwenye njia ndefu mno wala fupi mno, lakini utakupa mahali pa kuanzia.

Kuhusu tufe la pili, mimi ningechukua la rezini isiyo ya lulu, lenye uso wa 1000 au karibu na hapo, kwa ajili ya njia ndefu na zenye mafuta mazito. Usidanganywe na kiini kabla hujamaliza habari ya gamba.

---

MguuKwanza amejibu:

Nakubaliana na Gamba_na_Kiini kuhusu msasa na kuoga kwa tufe, ila naona tumekimbilia dukani mapema mno. Mleta mada ametupa namba zake, na namba hizo zinaeleza jambo ambalo hakuna tufe litakalolirekebisha.

Wachezaji wana kanuni ya kukadiria mahali tufe linapopaswa kuwa wakati linatoka kwenye mafuta: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31, jibu ni namba ya ubao ukihesabu kutoka upande wa mkono wako. Kwa futi 44 jibu ni ubao wa 13. Kwa futi 35 ni ubao wa 4. Wewe ulikuwa ukipita karibu na ubao wa 7 kote kuwili, kwa sababu ndiko ulikozoea. Kwa hiyo kwenye njia ndefu ulikuwa mbao 6 nje ya pale ulipotakiwa kuwa, ukilitaka tufe lirudi kutoka mbali kwa futi 16 tu za ukavu. Na kwenye njia fupi ulikuwa mbao 3 ndani zaidi, ukalikaribisha lipite mbele ya pini ya 1. Hata tufe jipya kabisa lingekuaibisha hapo. Katika ukumbi uliouzoea hukugundua kosa hili kwa sababu mafuta yamerundikwa katikati na kando ni kukavu: ukikosea kwenda nje, ukavu unalirudisha tufe, na ukikosea kwenda ndani, mafuta yanalizuia. Njia ya namna hiyo humbeba mchezaji kama mto umbebavyo mtu kwenye mtumbwi. Ya mashindano, ambayo mafuta yake yametandazwa kwa usawa zaidi kutoka kando hadi kando, haimbebi mtu.

Nieleweke kwamba kanuni ya 31 ni mahali pa kuanzia wakati wa kupasha mwili moto, si amri. Hesabu ikisema ubao wa 4 na wewe huna ujasiri wa kucheza mbao tatu kutoka mtaroni, cheza wa 6 na upunguze pembe.

Baada ya hapo ni kusogeza miguu. Tufe likipita kushoto, sogea kushoto. Likibaki kulia, sogea kulia. Fuata kosa linakoelekea. Mishale iko takriban futi 15 kutoka mstari wa faulo na kutoka hapo hadi kwenye pini kuna futi 45, kwa hiyo kama tufe lingekwenda kwa mstari ulionyooka, ubao mmoja wa miguu huku ukilenga mshale uleule ungekuwa mbao tatu kule mwisho. Kwa kuwa tufe linapinda, hesabu hiyo haitoki sawasawa, lakini inakuonyesha kwa nini ubao mmoja si kitu cha kudharau. Mimi huanza na mbao mbili za miguu kwa ubao mmoja wa shabaha.

Tena usingoje janga ndipo usogee. Kila tufe la rezini linalopita linaondoka na mafuta kidogo, na njia ya wachezaji wengi hukauka kabla ya mchezo wa pili kwisha. Pini ya 4 ikianza kubaki peke yake, tufe limeanza kuingia juu, yaani kuigonga pini ya 1 katikati mno, na huo ndio wakati wa kusogea. Pini ya 10 nayo inasema mengi kwa anayeitazama vizuri. Ikibaki huku pini ya 6 ikiwa imezunguka shingoni mwake kwa kishindo, umekosa kwa kiasi kidogo tu, na nusu ubao inaweza kutosha. Lakini ikibaki huku pini ya 6 imejilaza mtaroni bila nguvu, tufe limefika limechoka, na hapo ndipo unapoweza kufikiria tufe lenye uso mlaini zaidi au mstari mwingine. Mchezaji anayetazama namba kwenye skrini peke yake hukosa habari zote hizi.

---

Shoto39 amejibu:

Mimi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mbao zangu nahesabu kutoka upande wa pili, na nina faida ambayo wenzangu hunilaumu nayo: upande wangu tunacheza wachache, mafuta yanakaa muda mrefu zaidi, nami husogea mara chache. Nasema haya ili mleta mada asiige miguu ya mtu bila kujua ni nani mwingine anapita kwenye njia hiyohiyo.

Nianze na swali ambalo hakuna aliyeligusa, la tundu la nne. Usikubali. Kwa kanuni za USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani ambacho kanuni zake hufuatwa na mashindano mengi, matundu ya kusawazisha yamepigwa marufuku tangu tarehe 1 Agosti 2020. Kila tundu lililotobolewa lazima liwe la kushikia wakati wa kurusha. Tufe lako litakuwa zuri la mazoezi na halitakubaliwa kwenye meza ya ukaguzi. Kanuni hizohizo zinakataza kugusa gamba kwa msasa mara mashindano yanapoanza. Maana yake ni kwamba uamuzi wa msasa unafanywa kabla, na ukikosea unakaa na kosa lako hadi mwisho.

Jambo la pili ni kasi. Wenzangu wawili wamezungumza kana kwamba mikono yetu ni mmoja. Mchezaji anayerusha taratibu na kulizungusha tufe sana huliona likikata kona mapema hata kwenye mafuta mengi, na huyo uso wa 1000 unaweza kumharibia mchezo kabisa; anayerusha kwa kasi bila mzunguko mwingi huhitaji uso mkali ili apate kona yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuchukua ushauri wa msasa, jirekodi video ukirusha, au mwombe mwenzako akutazame. Kasi yenyewe ni marekebisho pia. Inua tufe juu kidogo unapoanza hatua zako, bembeo litakuwa refu na kasi itaongezeka yenyewe, lishushe, itapungua. Usilazimishe kwa bega, maana bega likishaingia shabaha hutoka.

Na hapa ninatofautiana na Gamba_na_Kiini: tufe la pili la mleta mada lisiwe la njia ndefu, liwe la plastiki. Gamba la plastiki halifyonzi mafuta na halijali sana yalipo, linakwenda pale unapolielekeza. Pini ya 10 inayobaki kila mara itaokotwa kwa tufe hilo kwa mstari ulionyooka, kwenye futi 35 na kwenye futi 44, bila kanuni yoyote. Pini moja iliyobaki ambayo hukuiangusha inakugharimu alama zilezile popote uchezapo, na kwa mchezaji wa miaka miwili nadhani alama nyingi zinapotelea hapo kuliko kwenye msasa. La tatu ndilo liwe la kuchagua kati ya rezini kali na yurethani, ambayo ni aina nyingine ya gamba. Kwa njia fupi yurethani inafaa sana kwa sababu kona yake ni ya mviringo, haina mruko wa ghafla mwishoni.

Kuhusu kiini nitasema kwa ufupi tu. Kuna namba inayoonyesha kama uzito umekaa karibu na kitovu au karibu na gamba, na kanuni huiruhusu iwe kati ya inchi 2.46 na 2.80, iliyo ndogo huanza kubingirika mapema, iliyo kubwa huchelewa. Iulize unaponunua, lakini iwe baada ya gamba.

---

Mchezaji_wa_Jumatano amerudi:

Ndugu zangu, nashukuru kwa uchambuzi huu, nami nimerudi na taarifa.

Tufe nililiogesha mara tatu. Mara ya kwanza maji yaliota utando wa manjano ambao sikuutarajia, mara ya pili ulipungua, ya tatu hapakuwa na kitu. Fundi akalipiga msasa 500, 1000 na 2000 bila polishi. Nilipopata nafasi ya kufanya mazoezi kwenye mafuta ya futi 44, nilisogea ndani na kulenga katikati ya mshale wa pili na wa tatu ili nitokee karibu na ubao wa 13. Kwa michezo miwili sikuikosa pini ya 1 hata mara moja, na nakiri kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa miguu, kwa maana kila nilipojaribu mstari wangu wa zamani tufe lilibaki kulia, japo si kwa kiasi kilekile cha zamani.

Kwenye futi 35 bado nahangaika. Niliazima tufe la yurethani, nikajaribu ubao wa 5, nikatumbukia mtaroni mara mbili na hofu ikaniingia, nikarudi ubao wa 8 ambako kona ilikuwa ya upole kuliko awali ila bado inapita. Tufe la plastiki nimeliagiza.

Nina swali moja. Katika mchezo wa tatu wa ile njia ndefu tufe lilianza kuteleza tena na kubaki kulia, ilhali MguuKwanza alisema njia hukauka kadiri tunavyocheza, na mimi nilikuwa tayari nimeanza kusogea kushoto. Je, gamba limeshalainika mapema hivyo, au nimekosea wapi?

---

Gamba_na_Kiini amejibu:

Uso wa 2000 unaweza kuanza kulainika ndani ya michezo michache, lakini mabadiliko yake huja polepole. Litazame chini ya taa: ukiona mkanda unaong'aa kuzunguka pale tufe linapogusana na njia, na kwingine kumefifia, basi gamba limeshalainika hapo. Jambo moja ambalo hukutueleza: wenzako mliokuwa nao kwenye njia hiyo walikuwa wakitumia matufe gani?

---

Mchezaji_wa_Jumatano amejibu:

Tulikuwa wanne. Wawili walitumia yurethani kwa michezo yote mitatu, na mstari wao haukuwa mbali na wangu. Mkanda wa kung'aa sikuuona.

---

MguuKwanza amejibu:

Basi jibu ni hilo. Niliposema njia hukauka nilikuwa nikizungumzia matufe ya rezini, nami nilipaswa kutaja lingine. Yurethani haifyonzi mafuta kama rezini. Huyasukuma mbele, yakatua kwenye ile sehemu iliyokuwa kavu. Mafuta yako ya futi 44 huenda yalikuwa yameshafika futi 46 au 47 kwenye mstari wenu, na zile futi 16 zako zikapungua. Ulisogea kushoto kwa kufuata nilichokisema badala ya kufuata tufe lilikoelekea. Safari ijayo likibaki kulia bila wewe kukosea urushaji, sogea ubao mmoja au mbao mbili kulia kwa miguu huku ukilenga palepale, upunguze kasi kidogo, na usipoliona likirudi baada ya mirusho mitatu, hama mstari huo kabisa uende mbao tano ndani ambako hawajapita.